Kuchagua Biti za Ruta Kuukuu ya Mbao: Ulinganisho wa Mashina, Koleti na Bushi

Ruta ya mbao (mashine ya umeme inayochonga mifereji na kingo kwa kipande cha kukata kinachozunguka, yaani biti) iliyokwisha kutumika huwafikia wengi ikiwa pungufu: kitabu cha maelekezo kimepotea, spana ya pili haipo, na biti zilizomo sandukuni, kama zimo, ni mchanganyiko wa zile zilizonunuliwa kwa ajili ya mashine hiyo na zile zilizotiwa humo kwa kukosa mahali pengine pa kuziweka. Mmiliki mpya kwa kawaida huuliza ni biti za kampuni gani zinazoingia kwenye mashine yake. Jina la kampuni halitamsaidia, kwa sababu biti hufuata kipenyo cha shina lake, yaani mpini wake laini, na koleti, yaani kibano cha mashine kinacholishika. Biti ya mtengenezaji yeyote itafanya kazi katika ruta ya mtengenezaji yeyote, mradi shina na koleti viwe vya kipimo kimoja hasa, na mradi kasi, nafasi na nguvu za mashine ziwe zinaifaa biti hiyo. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye koleti, na unaijadili kwa kirefu kabla ya kufika kwenye makali.

Koleti hushika kipimo kimoja tu

Chaki ya drili, yaani kishikio cha keekee, ina taya tatu zinazosogea, hivyo hushika kipenyo chochote kuanzia kidogo hadi kikubwa. Koleti ya ruta haifanyi hivyo. Ni mrija mfupi wa chuma cha springi uliochanwa kwa urefu, ambao kwa nje una umbo la koni. Nati inapokazwa huusukuma mrija huo ndani ya koni iliyochongwa kwenye shafti ya mota, nao hujibana kulizunguka shina la biti. Kujibana huko ni kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Fundi aliyezoea koleti za ER (aina nyingine ya koleti) za mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta), ambazo nyingi hubana hadi milimita moja chini ya kipimo chake, asidhani kwamba koleti ya ruta ya mkononi ina uhuru huo.

Vipimo vinavyokutikana ni vichache. Kwa inchi kuna robo, ambayo ni milimita 6.35, kuna nusu, ambayo ni milimita 12.7, na katika mashine kadhaa za zamani za Amerika Kaskazini kuna 3/8, ambayo ni takriban milimita 9.5. Kwa metriki kuna milimita 6, 8 na 12, na kwa nadra 10. Amerika Kaskazini na Uingereza zimezoea robo na nusu inchi. Ujerumani na majirani zake wamezoea milimita 8 na 12. Japani imezoea 6 na 12. Mgawanyo huo ni wa kukisia tu, wala hauthibitishi kitu kuhusu mashine iliyo mezani, kwa sababu viwanda vilitoa mashine ileile ikiwa na koleti tofauti kwa masoko tofauti. Makita 3600, ruta nzito iliyoenea sana, iliuzwa ikiwa na koleti ya milimita 12 mahali pamoja na ya nusu inchi mahali pengine, na kwa macho mashine hizo mbili hazina tofauti. Elu MOF 96 nayo ilitoka ikiwa na milimita 8 au robo inchi kulingana na nchi ya mnunuzi.

Hatari iko kwenye vipimo vinavyokaribiana. Shina la milimita 6 huingia kwenye koleti ya robo inchi bila shida, na nati ikikazwa kwa nguvu biti huonekana imeshikwa. Lakini pengo la milimita 0.35 ni kubwa kuliko uwezo wa koleti hiyo kujibana kwa usawa, hivyo shina hushikwa mdomoni tu, na sehemu ya ndani hubaki ikielea. Biti iliyoshikwa namna hiyo hutoka taratibu wakati wa kukata, mfereji ukazidi kina bila mtu kutambua, na mwishowe inaweza kuchomoka mota ikiwa katika kasi yake yote. Shina la milimita 12 ndani ya koleti ya nusu inchi ni hatari zaidi, kwa kuwa pengo hapo ni milimita 0.7 na biti zenye shina nene mara nyingi ni kubwa na nzito. Ipo pia jozi ya milimita 8 na 5/16 ya inchi, ambayo ni milimita 7.94: tofauti yake ni ndogo mno hata kalipa (kipimio cha vipenyo) ya plastiki haiwezi kuibainisha.

Kinyume chake, shina kubwa halikubali kuingia kwenye koleti ndogo, na hapo huja kishawishi cha kulipunguza kwa tupa au msasa. Shina lililopunguzwa kwa mkono halibaki duara kamili wala halibaki katika mstari mmoja na makali, na kwa mizunguko zaidi ya 20,000 kwa dakika kasoro ambayo jicho haliioni hugeuka kuwa mtetemo unaoharibu beringi za mota na kuvunja kabaidi, yaani ile mada ngumu ya makali. Biti ya namna hiyo haina matumizi tena, hata ikiwa makali yake ni mapya.

Kuitambua koleti bila kitabu

Kibati cha mashine ndicho cha kusomwa mwanzo. Huandikwa jina la modeli, umeme unaotakiwa na idadi ya mizunguko kwa dakika bila mzigo, na mara nyingine kipenyo cha koleti hutajwa pamoja na alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Kwa kutumia namba ya modeli unaweza kutafuta mchoro wa vipuri wa mashine hiyo, ambao huorodhesha kila koleti iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mchoro huo unaeleza mashine ilivyotoka kiwandani. Hauelezi ni koleti gani imo leo, baada ya kupita kwa wamiliki wawili au watatu.

Kwa hiyo koleti yenyewe lazima itolewe, ioshwe utomvu ulioungua na vumbi lililoganda, na kukaguliwa uso na ubavu wake, ambako mara nyingi kuna alama iliyochongwa: 8, 12, 6.35, 1/4 au 1/2. Wakati wa kuitoa, angalia kama mdomoni kuna pete mbili, moja ndani ya nyingine. Pete ya ndani ikitoka, hiyo ni bushi ya kupunguza kipenyo iliyosahauliwa humo, na mashine uliyodhani ni ya robo inchi huenda ni ya nusu inchi. Ugunduzi huo hubadilisha kabisa aina ya biti unazoweza kununua, nami ningeshauri ukaguzi huu ufanywe kabla ya kipimo kingine chochote.

Pasipo na alama, kupima tundu la koleti kwa kalipa hakutegemewi sana. Midomo ya ndani ya kalipa ina ubapa, kwa hiyo katika tundu dogo husoma pungufu kidogo, na mrija uliochanwa husogea unapoguswa. Njia iliyo bora ni kulipima tundu kwa shina unalolijua. Chukua biti mpya, au sehemu laini ya keekee ya chuma ambayo bado haijakwaruzwa na chaki, ipime kwa kalipa ya chuma, kisha iingize kwenye koleti nati ikiwa imelegezwa. Shina la milimita 6 likicheza na la 6.35 likaingia kwa mkono bila kulazimishwa na bila kuyumba, koleti ni ya robo inchi. La 6 likiingia kwa ulaini na la 6.35 likakataa, koleti ni ya milimita 6. Utaratibu ni huohuo kwa 12 na 12.7. Katika majaribio haya nati isikazwe kwa spana, kwani koleti iliyobanwa juu ya kipimo kisicho chake, au iliyobanwa ikiwa tupu, inaweza kupoteza umbo na isirudi tena.

Kutambua kipenyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutambua muundo, kwa sababu muundo ndio unaoamua kama koleti inaweza kubadilishwa. Katika mashine nyingi koleti ni kipuri kinachojitegemea, ama kimelala ndani ya shafti kikisubiri nati, ama kimenaswa ndani ya nati ili nati inapofunguliwa ikivute nje. Katika baadhi ya ruta nyepesi za zamani hakuna koleti ya kutoa: ncha ya shafti ya mota imetobolewa na kuchanwa, na nati huibana ncha hiyo moja kwa moja juu ya shina. Mashine ya namna hiyo itabaki na kipimo chake daima, na tundu likichakaa, kinachochakaa ni shafti ya mota yenyewe. Zipo pia mashine kuukuu ambazo shafti yake ina nyuzi za skrubu na biti hufungwa kwa kuzungushwa. Kwa hizo, biti za kawaida zenye shina laini hazina mahali pa kukaa, na mnunuzi ambaye hajalipa bado afikirie upya.

Hali ya koleti kabla ya kununua biti

Koleti ni kipuri kinachochakaa, ingawa wengi huichukulia kama sehemu ya kudumu ya mashine. Shina linaloteleza ndani yake huacha pete za kahawia au michirizo inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Mdomo uliotanuka huonekana kwa kuwa shina huingia kwa ulaini mwanzoni kisha hukaza kidogo ndani. Jaribio rahisi ni kuingiza shina jipya refu, kukaza nati kwa vidole tu, kisha kulisukuma shina pembeni kwa kidole: ncha ikiyumba, mdomo umetanuka. Mwenye saa ya kupimia (kipimio chenye mshale kinachoonyesha myumbo mdogo) aizungushe shafti kwa mkono na kusoma mchezo, yaani kuyumba, kwenye shina karibu na nati, umeme ukiwa umechomolewa. Mchezo wa milimita 0.05 au chini ya hapo ni mzuri kwa mashine ya umri huo, ukivuka 0.1, ningeibadilisha koleti kabla ya kutumia hata biti moja mpya. Ikiwa koleti mpya haikuondoa mchezo huo, tatizo liko kwenye koni ya shafti au kwenye beringi, na hakuna biti itakayolitibu.

Njia tatu za kuoanisha: biti mpya, koleti mpya au bushi

Kununua biti zinazolingana na koleti iliyopo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo sahihi endapo koleti ni nzima na kipimo chake bado kinauzwa kwa wingi. Robo inchi, nusu inchi na milimita 8 zina chaguo pana la maumbo: za kuchimba mifereji, za kuviringa kingo, za kufuata kiolezo kwa beringi, za kuunga mbao. Milimita 6 ina chaguo finyu zaidi na biti zake nyingi ni ndogo. Milimita 12 ina chaguo zuri palipo na mashine nyingi za Kijapani au za Kijerumani, na chaguo hafifu palipozoea inchi. Ama 3/8, mwenye mashine hiyo atahangaika. Biti zake ni adimu kiasi kwamba koleti hiyo hufaa zaidi kushika bushi kuliko kushika biti.

Kununua koleti nyingine ya mashine ileile hugharimu zaidi mwanzoni, lakini hufungua mlango wa biti zinazopatikana mahali ulipo kwa miaka yote inayofuata. Mwenye ruta ya milimita 6 inayokubali pia koleti ya 8 ana sababu nzuri sana ya kubadilisha, na hoja hiyo inaelezwa zaidi hapa chini. Kikwazo ni kwamba tundu la ndani silo kipimo pekee cha koleti. Mwinuko wa koni ya nje, urefu wake na nyuzi za nati hutofautiana baina ya watengenezaji, na hata baina ya modeli za mtengenezaji mmoja. Koleti ya milimita 8 ya ruta nyingine inaweza kuingia, kukazwa na kuonekana sawa, huku ikigusa koni kwa ukingo mmoja tu. Namba ya kipuri ndiyo ya kuaminiwa. Kwa bahati njema, baadhi ya mashine kuukuu zina warithi: Black & Decker iliinunua Elu mwaka 1984, na miundo ya Elu iliendelea baadaye chini ya jina la DeWalt, kiasi kwamba ruta ya DeWalt DW625 inatokana na Elu MOF 177. Mwenye mashine ya ukoo kama huo atafute vipuri kwa majina yote mawili, akithibitisha namba kabla ya kulipa.

Kumpelekea fundi wa mashine za kuchonga chuma kazi ya kutengeneza koleti ni wazo linalorudi kila mara, nami silipendekezi. Koleti inahitaji chuma cha springi kilichopikwa na kupozwa kwa utaratibu, kisha kusagwa ili tundu na koni viwe na kitovu kimoja. Kipande cha chuma laini kilichotobolewa vizuri kitashika siku za mwanzo, kisha kitalegea.

Bushi ya kupunguza kipenyo ni mrija mwembamba uliochanwa, unaowekwa ndani ya koleti kubwa ili ishike shina dogo: kutoka 12.7 kwenda 6.35, kutoka 12 kwenda 8, na kadhalika. Ikilinganishwa na koleti mpya ni rahisi kupatikana, kwa kuwa haijali muundo wa koni ya mashine. Kasoro yake ni kwamba inaongeza nyuso mbili za kugusana, na kila uso huleta upotofu wake mdogo. Naikubali kwa biti nyembamba zinazokata kidogo kidogo, kama zile za kuchonga herufi au mifereji ya milimita 3 hadi 6. Siikubali kwa biti ndefu wala kwa zenye kichwa kipana. Bushi iwe ndefu karibu sawa na koleti, iingie hadi mwisho, na mpasuo wake usilale juu ya mpasuo wa koleti. Karatasi ya bati au mkanda uliozungushwa kwenye shina si bushi, na haupaswi kutumika hata kwa kazi ya dakika moja.

Shina jembamba na shina nene

Mashine inapokubali vipimo viwili, uchaguzi unategemea ugumu wa shina dhidi ya kupinda, na ugumu huo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka robo inchi hadi nusu inchi, kipenyo huongezeka mara mbili lakini ugumu huongezeka mara 16. Kutoka 6 hadi 8, ugumu huongezeka zaidi ya mara tatu, kutoka 6.35 hadi 8, mara mbili na nusu. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba kuhama kutoka 6 kwenda 8 kuna maana kubwa kuliko milimita mbili zinavyoonekana. Kwa upande mwingine, kati ya 12 na 12.7 tofauti ni kama robo tu, wala haitaonekana kwenye mbao. Hapo uamuzi ufuate upatikanaji peke yake: chagua kile ambacho utakipata tena biti itakapovunjika.

Shina nene lina faida ya pili, nayo ni urefu. Mashina ya robo inchi mara nyingi yana urefu wa milimita 25 hadi 32, na ya nusu inchi yana kama 38, kwa hiyo la pili huzama zaidi kwenye koleti. Koleti ifunike angalau milimita 20 za shina, au robo tatu za urefu wake; biti nyingine zina mstari uliochongwa kuonyesha kiwango cha chini, na mstari huo ukionekana nje, biti haijaingia vya kutosha. Shina pia lisiguse sakafu ya tundu. Lizamishe hadi mwisho kisha livute nyuma milimita mbili au tatu, kwa sababu koleti inapojibana hulivuta shina ndani kidogo, na likikuta sakafu, kubana huko hukoma kabla ya wakati.

Hata hivyo, shina nene halimpi nguvu mtu mwenye mota dhaifu. Ruta ya wati 600 yenye koleti ya milimita 8 itafanya kazi safi kwa biti ndogo na za wastani. Ikiwekwa biti ya kuviringa ukingo mpana, itanguruma, itapunguza mwendo na kuunguza mbao. Mashine za wati 1,500 na zaidi ndizo zinazozifaa biti za nusu inchi zenye vichwa vikubwa, na hata kwa hizo lipo sharti la kasi.

Kasi isiyobadilika na tundu la kitako

Ruta nyingi za zamani zina kasi moja tu, kwa kawaida kati ya 22,000 na 27,000, na hapo ndipo biti iliyoingia vizuri kwenye koleti inaweza bado kuwa isiyofaa. Kinachoathiri biti ni mwendo wa ncha ya makali. Kwa mizunguko 22,000, kama ile ya Makita 3600, ncha ya biti ya milimita 25 hukimbia takriban mita 29 kwa sekunde. Ya milimita 50 hukimbia 58. Ya milimita 80 hufika 92, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Mwongozo uliozoeleka kwa watengenezaji wa biti ni mizunguko 24,000 kwa kipenyo kisichozidi milimita 25, 18,000 hadi milimita 50, 16,000 hadi karibu 63, na kati ya 10,000 na 12,000 kwa kubwa kuliko hapo. Kilichochongwa kwenye shina la biti yenyewe kina uzito kuliko mwongozo wowote wa jumla.

Kwa hiyo mwenye mashine ya kasi moja ajiwekee mpaka wa milimita 25 hivi, na kama kibati kinasoma juu ya 24,000, ashuke chini zaidi na asome kikomo cha kila biti. Kidhibiti cha kasi cha nje kinaweza kupunguza mwendo wa mota ya brashi isiyo na elektroniki ndani yake, lakini nguvu hushuka pamoja na mwendo, na biti kubwa ndiyo inayohitaji nguvu. Anayetaka biti pana za kuchonga fremu na milango ana haki ya kuambiwa wazi kwamba mashine ya kasi moja haimfai, hata ikiwa nusu inchi yake ni nzima.

Kipimo cha pili kinachosahaulika ni tundu la kitako, yaani la bamba la chini la mashine ambamo biti hupita. Vitako vya zamani vina matundu madogo, na kichwa cha biti kisichopita humo hakiwezi kufanya kazi hata kama shina linafaa. Pima tundu hilo, pamoja na la bamba la plastiki lililo chini yake, na uache nafasi ya kutosha pande zote.

HSS na kabaidi

Biti nyingi zinazokuja na mashine kuukuu ni za chuma cha HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi), na watu huzitupa haraka mno. Chuma hicho hupokea ukali mwembamba sana, hukata mbao laini kwa usafi, na hunoleka kwa jiwe la mafuta kwa kusugua uso bapa wa ndani. Udhaifu wake ni gundi: plaiwudi, chipubodi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) huimaliza baada ya mita chache, kisha joto humaliza kilichobaki. Biti za chuma zenye ncha za kabaidi zilizochomelewa hudumu muda mrefu zaidi kwenye mbao hizo na kwenye mbao ngumu, ila kabaidi ni tete, na katika mashine yenye mchezo kwenye koleti humeguka mapema. Za kabaidi tupu hufaa kwa vipenyo vidogo, ambapo hakuna nafasi ya kuchomelea ncha. Hizo ndizo zinazoadhibiwa vikali zaidi na mtetemo.

Kwa mashine ambayo mchezo wake bado haujapimwa, ningeanza na HSS au na biti moja ya ncha za kabaidi yenye shina fupi, na ningeziacha za kabaidi tupu hadi koleti ithibitike. Alama husaidia kutambua: HS humaanisha chuma cha HSS, na HW au HM humaanisha kabaidi. Kiwango cha Ulaya EN 847-1 hutaka pia kasi ya juu kabisa iandikwe, pamoja na neno MAN kwa vifaa vinavyoruhusiwa kusukumwa kwa mkono. Biti yenye MEC ni ya mashine inayosukuma mbao yenyewe, nayo haifai kwa ruta ya mkononi hata shina likilingana.

Biti za kale zilizomo sandukuni zipimwe moja moja kwenye shina, kwa kuwa si ajabu kukuta za 6 na za 6.35 zimelala pamoja. Zenye pete za mikwaruzo kwenye shina, rangi ya bluu ya kuungua, ufa kwenye uchomeleaji au kabaidi iliyomeguka ziondolewe. Keekee za drili na vifaa vya kukatia chuma visivyo na kikomo cha kasi kilichoandikwa navyo viondolewe humo.

Nani achague nini

Mwenye ruta nyepesi ya koleti ya robo inchi au milimita 8 iliyo nzima abaki na kipimo chake na anunue biti chache zenye ncha za kabaidi: ya mfereji ya milimita 6, nyingine ya milimita 12, ya kufuata kiolezo yenye beringi, na ya kuviringa ukingo wa nusu kipenyo cha milimita 6. Asinunue seti kubwa ya bei ya chini kabla ya kujua maumbo anayoyatumia. Mwenye ya milimita 6 atafute koleti ya 8 au ya 6.35 kwa namba ya kipuri. Akiikosa, abaki na biti ndogo na mikato ya kina kifupi. Mwenye ya milimita 12 au nusu inchi aangalie wauzaji wanaomfikia wana kipimo gani kati ya hivyo viwili, anunue koleti halali ya kipimo hicho kama siyo iliyomo, na awe na bushi moja kwa ajili ya biti nyembamba tu. Mwenye shafti iliyochanwa ambayo imeshatanuka asinunue biti yoyote.

Biti mpya ikifika, ipime shina kwa kalipa ya chuma mahali patatu kabla ya kuiingiza, kwa sababu maandishi ya pakiti hukosea, hasa pale 6 na 1/4 zinapouzwa kwenye rafu moja. Baada ya kuikaza, chora mstari wa kalamu kwenye shina pale linapokutana na nati, kata mkato mfupi kwenye kipande cha mbao kisicho na kazi, chomoa umeme na uangalie mstari ule. Ukiwa umesogea, toa biti na urudi kwenye koleti.